Niache kazi tulime nyuma ya nyumba?

SWALI: Dada habari, mi nimechoka kabisa, natoka asubuhi giza narudi giza, mshahara wote unaishia kwenye nauli na madeni. Mimi na mke wangu tuna kauwanja nyuma ya nyumba hapa pembezoni mwa mji, tunataka niache kazi tufuge kuku na kulima mboga tujitegemee. Tutaweza kweli?

JIBU: Kaka, matumizi mtapunguza sana ila kuacha mshahara kwa mkupuo sikushauri, bili ya umeme na matibabu havisubiri mboga ikomae. Kuku nao wana muda wao, kifaranga anakaa kama miezi 5 hadi 6 ndo aanze kutaga na siku zote hizo anakula tu, kuku mkubwa mmoja anamaliza kama gramu 120 kwa siku, sasa wakiwa 10 ni zaidi ya kilo kila siku, hela itatoka wapi?

Maji ndo watu wanayasahau jamani! Paa la mita za mraba 100, mvua ikinyesha milimita 10 tu linamwaga karibu lita 1,000, kwa hiyo funga gata na tangi kabla hata ya kununua mbegu.

Anzeni na matuta machache huku kazi inaendelea, maliza madeni, na muulize mkeo nani atasafisha banda kila siku maana mara nyingi inamwangukia mmoja. Mkimaliza msimu mzima hesabu ikakaa vizuri, hapo andika barua ya kuacha kazi.