Barua kwa mwanangu: mashine aliyofungwa shemeji yako

Mwanangu Suleiman,

Wa aleikum salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza baada ya Isha. Unauliza: mtu akishafungwa mashine ya moyo na mapafu (ECMO), kama shemeji yako na hiyo nimonia yake, anarudi kweli, au madaktari wanauchelewesha msiba tu? Unaniuliza mimi kwa sababu nilikuwa nesi. Sisi Chake Chake tuliuguza kwa mitungi ya oksijeni, mashine hiyo sikuigusa, ila tangu korona nimeisoma sana.

Wapo wanaorudi, tena wengi. Inategemea amefungwa kwa ajili ya nini.

Ile picha yake uliyonitumia nimeikuza kwenye simu. Mpira wa pajani damu yake nyeusi kama zambarau, wa shingoni nyekundu. Nyeusi ndiyo inayotoka mwilini. Inapita kwenye kichujio, inatiwa oksijeni, inatolewa hewa chafu, inarudishwa. Ikiwa mipira yote miwili imo kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, basi wanasaidia mapafu tu, moyo wake unapiga wenyewe. Hilo muulize daktari leo hii. Kwa mapafu, kiasi cha watu wazima 6 kati ya 10 hutoka hospitali wakiwa hai. Kwa moyo ni wachache zaidi, hawafiki nusu. Anayefungwa huku anakandamizwa kifua, kama 3 kati ya 10.

Na hapo hapo mlipo Leicester, Uingereza, hospitali ya Glenfield, ndipo walipopelekwa wagonjwa wa mapafu wa CESAR, utafiti uliolinganisha kupelekwa kwenye mashine hii na matibabu ya kawaida. Majibu yalitoka 2009: baada ya miezi 6, waliopelekwa huko 63 kati ya 100 walikuwa hai bila ulemavu mkubwa, waliobaki na matibabu ya kawaida, 47. Baadhi ya hao waliopelekwa walipona bila hata kufungwa, kwa uangalizi mzuri tu. Mimi nesi, hilo halikunishangaza.

Lakini mashine haitibu nimonia. Dawa ndizo zinazotibu. Mashine inamweka hai mapafu yapumzike. Na ina hatari zake: lazima damu ifanywe nyepesi isigande kwenye mipira, kwa hivyo anaweza kuvuja damu, hata kwenye ubongo. Wakikwambia wanampiga picha ya kichwa, usimfiche dada yako.

Kila siku uliza: mapafu yanafunguka? Wamejaribu kupunguza hewa ya mashine, akahimili? Hayo yatakwambia zaidi kuliko "anaendelea vizuri". Na ikifika siku wakasema mapafu hayarudi tena, wasikilizeni. Kuitoa mashine hapo si kumuua mtu.

Akizinduka atakuwa amekonda misuli, pengine haelewi yuko wapi, na kutembea atajifunza upya. Jitayarisheni kwa miezi, si wiki.

Mwambie dada yako simu za jamaa wa Wete asizipokee. Wanipigie mimi.

Mama yako