Re: Baba ana ini lililosinyaa, je, nimpe dawa gani ya maumivu?

Pole sana dada. Umesema kidonge kimoja cha diazepamu (dawa ya kutuliza na kuleta usingizi) kilimlaza baba hadi jioni ya pili; si ajabu kwa ini lililosinyaa kwa homa ya ini B. Diazepamu huvunjwa na vimeng'enya vya ini viitwavyo saitokromu P450, na hivyo ndivyo hudhoofika mapema makovu yanapoenea kwenye ini. Dawa inabaki mwilini, na kidonge cha kesho kinaikuta ya jana. Usimpe tena. Lorazepamu, dawa ya jamii hiyohiyo, huvunjwa kwa njia nyingine inayohimili zaidi, lakini nayo yaweza kumvuruga akili, kwa hiyo aamue daktari.

Maumivu: parasetamoli ndiyo salama kuliko diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huumiza figo na kuleta damu tumboni. Mpe kidonge kimoja cha miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 4 kwa siku. Kama amekonda sana, hali chakula vizuri au anakunywa pombe, muulize daktari kwanza, dozi huenda ikapunguzwa. Soma pakiti za dawa za mafua. Nyingi zina parasetamoli ndani. Mitishamba acha kabisa.

Usitulizwe na ALT (kipimo cha damu cha ini) ya kawaida: hiyo huonyesha seli zinazoumia, si nguvu ya ini. Kujua nguvu yake, omba vipimo vya damu vya albumini, bilirubini na INR (kipimo cha damu kuganda).

Akichanganyikiwa, mikono ikipigapiga anapoinyoosha, akitapika damu au kupata choo cheusi kama lami, hospitali usiku huohuo, na vidonge vyote anavyotumia uvibebe kwenye mfuko.