Shangazi, huyu mcheza gofu anatucheka?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni kipa hapa Ujiji. Tulifungwa fainali kwa penalti, wiki nzima sijatoka ndani. Rafiki kanionyesha Scottie Scheffler, mcheza gofu wa Marekani, akisema ushindi haumshibishi moyo. Ana mamilioni, si anatucheka?

JIBU: Marahaba mwanangu. Angesema baada ya kushindwa, ningekuunga mkono. Lakini aliyasema Julai 2025, siku chache kabla ya The Open, mashindano makubwa ya gofu, kwenye uwanja wa Royal Portrush kule Ireland ya Kaskazini, kisha akashinda kwa mikwaju 4. Imani na familia ndivyo anavyovitanguliza, mazoezi hakuacha.

Ila wa kukufaa wewe ni Bernhard Langer, mcheza gofu Mjerumani, naye mtu wa imani. Mwaka 1991 Kombe la Ryder, la gofu kati ya Ulaya na Marekani, lilibaki kwenye mpira wake mmoja, futi 6 tu kutoka shimoni. Ukapita pembeni. Ulaya nzima ikakosa kombe. Wiki iliyofuata alicheza kwao Ujerumani, akatwaa taji. (Na wewe bado umejifungia!)

Mimi mvua iliniozeshea dagaa wa mkopo pale Kibirizi, gunia zima. Nililia hadi magharibi, nikaswali, alfajiri nikarudi kwenye chanja nikinuka vilevile.

Jumamosi nenda mazoezini. Hizo glavu zifue kwanza.