Usimwagie kidonda unga wa kapsuli

SWALI: Habari za kazi, daktari. Mimi ni mama lishe, Morogoro. Siku nane zilizopita nilijikata dole gumba, juu ya kiungo, nikiparua samaki. Zahanati walinishona nyuzi nne. Kidonda kinafunga, ila kinatoa majimaji kidogo na ngozi ya pembeni imekuwa nyeupe. Jirani ananishauri nifungue kapsuli za rangi mbili nimwagie unga wake ili kikauke. Duka la dawa nao wamesema sawa. Nifanye hivyo?

JIBU: Usimwagie, dada yangu. Na huyo muuzaji wa dawa alipaswa kukukatalia kabla hujamaliza kuuliza.

Unga wa kapsuli umetengenezwa umezwe, uyeyuke tumboni, uingie kwenye damu. Ukiumwaga juu ya kidonda unashikana na majimaji na kuwa gamba gumu. Kwa macho kidonda kimekauka, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Vidole vyenye gamba hilo la njano naletewa mara kwa mara. Nalilowesha kwa maji ya chumvi, nasubiri lilainike, nalibandua polepole kwa chachi, na chini yake unachuruzika usaha wenye harufu uliokosa pa kutokea. Mgonjwa ananiuliza, "Mbona kilikuwa kimeshapona?" Kilikuwa kimezibwa tu. Tena kapsuli hizo mara nyingi ni dawa za kuua bakteria, nyingine za jamii ya penisilini, na wapo wanaodhurika na penisilini. Na dawa inayonyunyizwa bila kipimo ndiyo inayowazoesha bakteria mpaka siku unapoihitaji kweli haikusaidii.

Chanzo cha yote ni imani kwamba kidonda lazima kikaushwe. Ngozi mpya hutambaa kutoka pembeni kuja katikati, na hutambaa vizuri penye unyevu kidogo. Ukikikausha kikawa ganda, unaichelewesha, na ukikunja dole ganda linapasuka, damu inaanza upya. Majimaji mepesi yasiyo na harufu hayanitishi. Huo weupe ni ngozi iliyolowana: unaosha vyombo, plasta inanyonya maji, unashinda nayo hadi jioni. Ibadilishe kila inapolowa. Osha kwa maji safi na sabuni, futa kwa kugusagusa, paka mafuta ya mgando kidogo sana, funika kwa chachi bila kukaza. Jikoni vaa glavu, na samaki mwachie mwingine kwa sasa.

Nyuzi za juu ya kiungo hukaa siku 10 hadi 14. Usizikate mwenyewe kwa wembe. Zikitolewa, usikimbilie kukuna nazi wala kukamua nguo. Hata baada ya wiki 3 kovu huwa na takriban moja ya tano tu ya nguvu ya ngozi nzima.

Mambo mawili hukuyataja, nami yananihangaisha kuliko hayo majimaji. Je, unaweza mwenyewe kuikunja ncha ya dole? Na ukiigusa pande zote mbili, unahisi sawasawa? Kama hapana, huenda kisu kilifika kwenye kano, ile kamba inayovuta kidole, au mshipa wa fahamu. Nenda hospitali kesho asubuhi, maana kano iliyokatika ikikaa muda mrefu huwa ngumu kuiunga. Pia angalia kadi yako ya kliniki kama ulichanjwa pepopunda. Akina mama wengi huchanjwa wakati wa ujauzito. Wanaume ndio hujikata wakaendelea na kazi bila hata kuulizwa.

Wengine mnaosoma, na nyie mnaopaka mafuta ya taa, majivu, kahawa au dawa ya meno: acheni. Hata spiriti, ukiimwaga kila siku kwenye kidonda kinachofunga, inaunguza ile ngozi mpya. Mwenye kisukari ndiye namwomba zaidi, kwa sababu maumivu yanayomshtua mwenzake yeye huenda asiyasikie, akaja kwetu kidole kikiwa cheusi. Dole likivimba na kupwita, likiuma ukilinyoosha, usaha ukitoka, homa ikipanda, au mstari mwekundu ukianza kupanda mkononi, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama tarehe ya kutoa nyuzi haijafika.