Nankatai za Idi: kazi za watoto na joto la mikono yao

Nankatai (biskuti za samli) za kuoka na watoto zianzeni usiku, baada ya futari, siku tatu au nne kabla ya Idi. Jikoni kumepoa, na anayefunga anaweza kuonja. Ubaridi huo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: kwa joto la Pwani samli hulegea mchana, na viganja vya mtoto vinaimalizia.

Kwa biskuti kama 24, pima unga wa ngano gramu 250, samli iliyoganda gramu 150, sukari laini ya unga gramu 100, bekin pauda na iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai kila kimoja, na chumvi kidogo sana. Kama una sukari ya kawaida tu, isage kwanza. Punje nzima haziyeyuki kwenye donge lisilo na maji. Zinakuja kuyeyuka motoni, biskuti ikatandaa.

Mtoto wa miaka sita au saba anaweza kupima kwa mizani na kuchekecha. Kikombe kinadanganya: akikishindilia, unga unazidi na nankatai zinapasukapasuka.

Piga samli na sukari kwa mwiko dakika tano, mpaka rangi ififie. Kisha mimina unga wote. Hapa ndipo panapoharibika. Mtoto aliyezoea kuona chapati atakanda, tena kwa nguvu zake zote. Unga wa ngano ukikandwa hufanya mnato, na nankatai inayotakiwa kumumunyuka mdomoni inakuwa ngumu. Mwambie "kusanya", usimwambie "kanda": ncha za vidole tu, mpaka donge lishikane. Likipukutika, ongeza samli kijiko cha chai kimoja. Usitie maji, nayo huleta mnato.

Kila tonge liwe kijiko cha chakula kimoja kilichosawazishwa, kwa sababu dogo litaungua kabla kubwa halijaiva. Wadogo kabisa waachie kubonyeza katikati kwa kidole gumba. Wanaipenda kazi hiyo na hawaikosei. Juu weka lozi, ila kwa watoto chini ya miaka minne zisage, zisije zikawakaba. Donge bichi lisilambwe hata kama halina yai: unga mbichi unaweza kuwa na vijidudu.

Acha nafasi ya vidole viwili kati ya biskuti, weka trei kwenye friji nusu saa, kisha oka kwa nyuzijoto 160, dakika 15 hadi 18. Usisubiri juu pawe kahawia. Inua moja: chini pakiwa na rangi ya dhahabu, toa. Zitakuwa laini bado, kwa hiyo zisiguswe dakika kumi.

Kwa jiko la mkaa, tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria nzito, pasha dakika kumi, weka trei juu yake na ufunike kwa mfuniko wenye makaa. Chini makaa machache, juu mengi. Ukigeuza, zinaungua matako huku juu ni mbichi. Kazi hii ni ya mtu mzima, na watoto wakae mbali.

Zipoe kabisa ndipo uzitie koponi. Zikifungwa na uvuguvugu, mvuke hugeuka maji chini ya kifuniko na asubuhi zimelainika zote.