Urea, kichanga na msingi wa ukuta

SUALI: Assalaam alaykum. Ukuta wa ua wetu umesimama juu ya kichanga kitupu, na kila kusi likivuma mchanga hupungua chini ya msingi. Nimesikia kuwa kuna vijidudu ambavyo vikipewa urea huufanya mchanga kuwa jiwe. Je, nikinunua mbolea hiyo dukani nikaimwaga, itafaa? (Msomaji, Jambiani)

JAWABU: Waalaykum salaam. Ulilolisikia ni kweli, ila urea peke yake haifiki popote. Bakteria wanaotumiwa zaidi huitwa Sporosarcina pasteurii. Hutoa kimeng'enya kinachovunja urea ikawa amonia na kaboneti, na kaboneti hiyo ikikutana na kalisi iliyoyeyuka majini huganda ikawa madini yale yale yaliyomo katika mawe yetu ya matumbawe. Fuwele zake huota hasa pale punje za mchanga zinapogusana, zikazishikanisha, huku maji yakiendelea kupenya katika nafasi zilizobaki. Kichanga chako kinaikubali kazi hii. Kinamo hakiikubali, kwa kuwa vitundu vyake ni vidogo mno hata kwa bakteria kupita.

Tatizo ni hesabu. Ukitaka kilo 60 za madini hayo katika mita moja ya ujazo ya mchanga, utahitaji kilo 36 za urea na kilo 67 hivi za kloridi ya kalisi, chumvi itakayoleta hiyo kalisi, ambayo huwezi kuibadilisha kwa chokaa ya tanuu, kwani chokaa huyeyuka kidogo sana. Kisha zitabaki kilo 20 hivi za amonia, nazo zitashuka pamoja na maji hadi kisimani kwako au kwa jirani. Hili la kisima ndilo linalonitia hofu zaidi. Nchini Uholanzi, katika jaribio la mita za ujazo 100 za mchanga ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010, ugumu haukuwa sawa kila mahali, na hao walikuwa na pampu, vipimo na wataalamu.

Isitoshe, mawimbi yanayosukumwa na kusi yanakuchimbia kwa mbele, na mchanga ulioshikana kidogo utaliwa vile vile. Kwa ukuta wa ua, mwite fundi achimbe hadi kwenye jiwe, ikiwa liko karibu, aujenge msingi upya kutoka hapo. Urea, kama umeshainunua, wapo wakulima wa mpunga kule Cheju watakaoipokea kwa furaha.