Balozi mdogo wa Kenya Goma: mbona Kinshasa ilikasirika?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Shemeji yangu anauza mitumba Goma, mashariki mwa Kongo. Agosti 2025 Rais Ruto aliteua balozi mdogo (konseli, anayehudumia raia wetu katika mji fulani) wa kwenda huko, Kinshasa ikaja juu. Si Kongo tuko nayo Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022? Shida iko wapi? – Msomaji, Eldoret

JIBU: Shida ni kwamba Goma iko mikononi mwa M23, waasi wanaopigana na serikali ya Kongo, toka mwisho wa Januari 2025, na Mkataba wa Vienna wa 1963, ule wa mabalozi wadogo, unasema balozi mdogo haanzi kazi bila idhini ya serikali ya nchi anayokwenda, na serikali inayotambulika ni ya Kinshasa hata kama askari wake hawakanyagi Goma. Sasa huyo balozi akifika ataenda kujitambulisha kwa nani, kwa gavana aliyewekwa na M23? Akimwandikia barua moja tu, wale jamaa wameshapata wanachotafuta, kuonekana serikali. Nairobi ilijibu kwamba mteuliwa bado angepita Bungeni na taratibu zingine, sawa, lakini jina lilikuwa limeshatangazwa.

Halafu Kinshasa ina kinyongo cha zamani. Desemba 2023 Corneille Nangaa, aliyewahi kuwa mkuu wa tume ya uchaguzi Kongo, alizindua AFC, muungano wa wanaoipinga serikali ya Kongo, hapa hapa Nairobi hotelini, M23 wakiwa ndani yake. Kinshasa ikamwita balozi wake nyumbani, Ruto naye akasema Kenya ni nchi ya demokrasia, mtu hakamatwi kwa kutoa taarifa. Mwezi uleule kikosi cha jumuiya, kilichoongozwa na jenerali Mkenya, kilikuwa kinafunga virago Goma maana Kinshasa iligoma kukiongezea muda ikilalamika hakipigani na waasi. Goma ilipoanguka, waandamanaji wakavamia ubalozi wetu Kinshasa. Mtu aliyeumia hivyo ukimteulia balozi bila kumuuliza kwanza atakuelewaje?

Mimi naona ofisi Goma inahitajika sana, wafanyabiashara wetu wako pale, benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na watu wamebaki wanahangaika. Ila Kenya ingeongea na Kinshasa kimyakimya, ipate ruhusa, ndiyo itangaze. Shemeji yako akipoteza pasipoti leo, ubalozi wa Kenya ulio karibu naye ni wa Kigali, anavukia Gisenyi upande wa Rwanda, mpaka ukiwa wazi.